Jipu la Melkiori na Daraja la Kanyosha

Vijana, mnaponikuta napanda kilima cha Kinanira na fimbo yangu mnaniita Nyakubahwa, yaani mheshimiwa, nami naitikia kwa sababu magoti yananiuma na sina pumzi ya kubishana. Uheshimiwa nilikuwa nao kwa muhula mmoja tu wa bunge. Udaktari niliufanya kwa miaka mingi kuliko umri wa wengi wenu. Hata hivyo, nyinyi mnaosomea kazi hii mkija barazani kwangu hamniulizi habari za malaria wala za kufunga mfupa. Mnataka kujua nilifikaje bungeni. Naona mnangojea habari ya ushujaa. Ukweli ni kwamba nilifikishwa bungeni na jipu, na jipu lenyewe halikuwa langu.

Lilikuwa la Melkiori, muuza mabati na misumari kule Asiatique, mtaa wa maduka mjini. Najua mwalimu wenu amewafundisha kwamba siri ya mgonjwa haitolewi, na amefundisha vizuri. Mimi nimestaafu, siri za watu hazijastaafu. Lakini hii Melkiori mwenyewe huisimulia kwenye harusi, na kila harusi jipu linazidi kukua. Nilipomwomba ruhusa ya kuiandika alikubali kwa sharti moja, nisilifanye dogo. Basi jueni kwamba lilikuwa kubwa.

Nilipelekwa Kanyosha nikiwa na diploma mpya na viatu vipya. Kanyosha ya wakati ule ilikuwa migomba, mihogo na njia za udongo ambazo mvua ikinyesha ziligeuka uji. Ng'ambo ya mto kulikuwa na vilima vya wakulima, na kati yao na dispansari yetu kulikuwa na magogo mawili yaliyofungwa kamba. Watu waliyaita daraja kwa adabu tu. Dispansari ilikuwa na vyumba vitatu: kimoja changu, kimoja cha dawa na kimoja cha Mama Godeliva, muuguzi aliyenitangulia hapo kwa miaka kumi na tano. Kusema kweli vyote vitatu vilikuwa vyake.

Wiki yangu ya kwanza alikuja Mama Furaha, Mkongomani aliyechuuza vitenge kati ya Uvira na hapa mjini. Alikuwa anakohoa. Nilimwomba afungue blauzi nimsikilize kifua, akakataa, nikaona ni haya ya kike, nikamwekea kifaa juu ya nguo. Nilichosikia kilinitisha. Kila alipovuta pumzi kulikuwa na sauti kama ya mtu anayetembea juu ya majani makavu, kulia na kushoto. Nikajaza ukurasa mzima kwa Kifaransa kizuri: mapafu yote mawili yameshikwa, hali ni ya hatari, aanze sindano leo hii. Nikampa Mama Godeliva karatasi.

Aliisoma taratibu, akamtazama mgonjwa, akanitazama mimi.

"Dokta," akasema, "iyo mapafu iko na rangi gani?"

Sikumwelewa. Alimchukua Mama Furaha nyuma ya pazia, na aliporudi alikuwa na vitenge vinne mkononi, kila kimoja ndani ya nailoni yake. Mama Furaha alikuwa amevifunga kifuani ili apite navyo mpakani bila maswali.

"Moja iko bluu," Mama Godeliva akasema. "Ingine iko na maua."

Chini ya vitenge kulikuwa na mafua ya kawaida. Mama Furaha alicheka mpaka kikohozi kikamrudia, na tangu siku hiyo tukawa ndugu. Basi chukueni hili bure: kifaa kikae kwenye ngozi. Kikikaa kwenye nguo, unapima nguo.

Mama Godeliva hakuwa na diploma ya kutundika ukutani, lakini mambo niliyojifunza kwake sikuyakuta kwenye kitabu chochote. Aliniona naandika haraka kila mgonjwa alipofungua mdomo, siku moja akanichukulia kalamu. "Mutu akikaa kwenye kiti anakupa ugonjwa ya kiti," alisema. "Ile yenyewe anaitoa akishika mulango. Ngoja mulango." Nilidhani ni maneno ya uzee. Kesho yake mzee mmoja alinieleza habari za goti lake kwa nusu saa, akachukua dawa, akaaga. Mkono ukiwa kwenye kitasa akageuka: "Na tena Dokta, jicho ya kushoto mi sioni kitu tangu Pasaka." Tangu hapo kila mgonjwa akiinuka mimi naweka kalamu chini na kumngojea mlangoni.

Sasa nitasema jambo moja ambalo sina mzaha nalo.

Masika moja mto ulijaa ukachukua magogo. Mchana ule ule walifika ng'ambo watu wanne wamebeba mwanamke kwenye machela. Aliitwa Spesi, alikuwa na mimba ya pili, na alikuwa anatoka damu. Nilimwona kwa macho yangu, umbali kama wa kutoka hapa barazani hadi geti. Mume wake alituita, nasi tukamwitikia, na maji yakawa yanapita katikati yetu na miti mizima ndani yake. Nilikuwa na dawa mkononi. Yalipopungua alasiri tulivuka kwa kamba, na Spesi alikuwa amekwisha kufunikwa uso.

Niliandika barua kwa wakubwa kuomba daraja. Nikajibiwa kwamba barua yangu imepokelewa. Nikaandika nyingine. Nilikuja kuwa na bahasha nzima ya majibu, yote yakinihakikishia kwamba barua zangu zinapokelewa vizuri sana.

Wanakijiji waliweka magogo mengine, na haukupita muda tukaletewa habari kwamba ng'ambo kuna mwanamke mwingine ameshikwa na uchungu na hawezi kuvuka. Mvua ilikuwa inanyesha. Nikasema safari hii sitasimama ukingoni. Nikaweka mfuko wa vifaa kichwani, nikapanda magogo na vile viatu vyangu vya mjini. Mama Godeliva alinishauri nivivue. Sikuvivua, kwa sababu nilikuwa daktari.

Nilifika katikati. Baada ya hapo nakumbuka maji, matete, na mpini wa jembe ukisukumwa usoni mwangu. Aliyeushika ni mama mkwe wa yule mzazi, mwanamke mnene mwenye mikono ya kulima, aliyemwacha mkamwana wake chini ya migomba aje aniopoe mimi. Alinivuta mpaka kwenye tope akaanza kunigombeza. "We unajua kuogelea?" Nikasema kidogo. "Kidogo ni nini? Maji iko kidogo?" Tukiwa bado kwenye mabishano hayo tulisikia kitoto kinalia nyuma yetu. Yule mkamwana alikuwa amejifungua bila msaada wa yeyote, kwa sababu wasaidizi wote wawili walikuwa matopeni.

Kutoka upande wa pili Mama Godeliva akaita kuuliza wamepona wangapi.

"Batatu," mama mkwe akajibu. "Mama, mutoto na dokta."

Kwenye daftari la uzazi Mama Godeliva aliandika siku hiyo: amejifungua salama, daktari alikuwa karibu.

Mama Furaha alikuja kunipa pole na furushi la ndagala wakavu, yaani dagaa, maana kiatu kimoja kilikwenda na mto. Aliketi kwenye benchi la wagonjwa, akaniangalia nikiandika barua nyingine.

"Dokta, iyo barua inasomwa na nani?"

"Na karani, nadhani."

"Karani haogopi barua. Anaogopa mubunge. Uchaguzi iko karibu. Simama."

"Mimi ni daktari, Mama Furaha."

"Ndiyo. Na kiatu yako iko ndani ya ziwa Tanganyika sasa."

Nilicheka, lakini jina la Spesi lilikuwa bado kwenye barua ile. Kabla wiki haijaisha nilijiandikisha. Mama Furaha hakuwa na haki ya kupiga kura, kwa kuwa hakuwa Mrundi, lakini alinitangaza sokoni kote. "Mi sina kura," alisema, "lakini niko na mudomo." Mama Godeliva alipopata habari alikuwa anakunja bendeji. Akauliza tu, "Na bagonjwa batabaki na nani?" Nikamwambia ni kwa muda mfupi, mpaka daraja lipatikane. Akaendelea kukunja bendeji.

Mikutano yangu ilikuwa balaa. Nikisema "Ndugu zangu," mtu wa mbele ananitolea ulimi ili niuangalie. Nikieleza habari za daraja, mkono unainuliwa, nami nafurahi kwamba kuna swali, kumbe ni la tumbo linalojaa baada ya maharage. Mzee mmoja alipanda jukwaani akavua shati mbele ya umati wote, akageuka, akasema: "Hapa." Nilitaka nianze kubeba vidonge mfukoni, Mama Godeliva akanikataza. "Ukigawa dawa kwenye mukutano, ile ni dawa ao ni kura?" Basi nikawa nawaambia waje dispansari Jumatatu. Wakasema mgombea huyu ni mkavu, lakini hadanganyi.

Mpinzani wangu alikuwa Melkiori. Yeye alikuwa na gari lenye spika, kofia za kugawa, na picha kubwa akiwa amevaa suti ya rangi ya maziwa. Nilikuwa nimekwisha kujiandaa kushindwa. Ndipo Alhamisi moja mchana akaja dispansari kwa mlango wa nyuma, peke yake, anatembea kama mtu aliyebana yai katikati ya mapaja.

"Dokta," akasema, "mi sikuja kwa siasa."

"Karibu. Kaa."

"Iyo ndiyo shida yenyewe."

Nilimlaza kifudifudi. Nimeahidi nisilifanye dogo: lilikuwa kama chungwa, kwenye tako la kulia, limeiva. Tulilipasua, Mama Godeliva akimshika mabega, tukalikamua, tukajaza kitambaa cha dawa. Mheshimiwa mtarajiwa aliwaita watakatifu wengi, wengine sijapata kuwasikia tena. Nilimwambia alale kwa tumbo siku mbili, na Jumamosi asionekane.

"Jumamosi iko mukutano yetu sisi wawili," akasema.

"Basi angalau usivae ile suti."

Alipofika mlangoni alishika kitasa akasimama, nami nikaweka kalamu chini.

"Dokta, utasema?"

"Nitasema nini? Leo sijaona mtu."

Alinishukuru, lakini niliona usoni kwamba hakuniamini. Nje, Mama Furaha alikuwa anapita na mzigo wake. Alimwona anavyotembea. Hakuhitaji kuambiwa.

Jumamosi uwanja wa mpira ulijaa. Walitupangia viti viwili jukwaani. Mimi nilifika moja kwa moja kutoka kwa wagonjwa, nimevaa koti langu jeupe, nikakaa. Melkiori alifika na ile suti ya rangi ya maziwa na hakukaa. Kijana wa itifaki akamsogezea kiti, Melkiori akakisukuma. Akamsogezea tena. Melkiori akachukua kipaza sauti.

"Mi sikai," akasema. "Mi siwezi kukaa wakati wananchi wanateseka."

Uwanja ukalipuka kwa makofi. Akaona maneno yamefaulu, akayaongeza. "Muangalie mwenzangu. Yeye amekaa. Amezoea kukaa. Anakaa kwenye kiti, munamupangia foleni. Na niulize, iyo mikono yake imeponyesha nani?"

Vijana, ulimi uliniwasha. Mwaka ule nilikuwa sijatukanwa na mtu ambaye siku mbili kabla nilikuwa nimemkamua. Mama Furaha alijipenyeza mpaka chini ya jukwaa akaninong'oneza: "Sema. Sema hata kwa mufano." Neno moja tu lingetosha. Uwanja mzima ungeanguka kwa kicheko, na daraja ningelipata kesho. Nilimfikiria Spesi, nikasema moyoni kwamba kwa ajili yake labda Mungu angenisamehe. Nikainua macho nikamwona Mama Godeliva, amekaa mstari wa mbele, mikono mapajani. Hakutikisa kichwa wala hakunikonyeza. Alikuwa ananiangalia kama siku ile ya vitenge. Nikafunga mdomo.

Melkiori aliendelea karibu saa nzima, juani, amesimama, na nikiwa nimekaa nyuma yake macho yangu yalikuwa usawa wa kidonda. Ndiyo maana mimi ndiye niliyeona wa kwanza. Kwenye suti kulikuwa na doa. Mwanzo lilikuwa kama sarafu, kisha kama kiganja. Naye alikuwa ameanza kugeukageuka kwa sababu hotuba ilikuwa imenoga.

Sikufikiri siasa. Mgonjwa wangu alikuwa anavuja. Niliinuka, nikavua koti, nikamwendea katikati ya sentensi nikamvika mabegani. Lilimfika magotini.

"Kitambaa kimelowa," nikamnong'oneza. "Usigeuke."

"Imeonekana?"

"Bado. Nyuma ya jukwaa kuna mbuzi wawili tu. Vaa mikono, funga vifungo, nishike tushuke pamoja."

Alivaa. Tulishuka ngazi tumeshikana, taratibu, kama bwana arusi na mwenzake wanavyotoka kanisani, na sauti pekee niliyoisikia ilikuwa ya Mama Furaha akiwaambia walio karibu naye, kwa utulivu kabisa: "Munaona? Hata Melkiori amevaa koti ya Dokta."

Alisema hayo tu. Jumapili baada ya misa, kutoka Kanyosha mpaka mjini, habari ilikuwa moja: Melkiori amejiunga na daktari. Jumatatu alinijia nyumbani amekasirika.

"Toka useme mi sikujiunga."

"Nitasema leo hii. Lakini watauliza kwa nini ulivaa koti."

Alikaa, kwa upande mmoja.

"Basi acha," akasema.

Nilishinda. Mama Godeliva hakunipongeza. Aliniomba ufunguo wa kabati la dawa.

Bungeni sitawaeleza mengi, kwa kuwa sikufanya mengi. Wenzangu waligundua upesi kazi yangu ya zamani, na nikawa napima mapigo ya moyo chini ya meza wakati wa mijadala. Kuhusu daraja, nilimwendea mkubwa mmoja wa mambo ya barabara mara sita, na michoro, na hoja, na ile bahasha yangu ya majibu. Mara zote sita aliniambia jambo linashughulikiwa. Mara ya saba nilikwenda mikono mitupu. Tuliongea habari za mvua, za watoto, za bei ya mukeke, samaki wa ziwani kwetu. Nikaaga. Nikashika kitasa cha mlango wake, nikasimama, nikamwambia habari za Spesi, jinsi mume wake alivyokuwa anatuita nasi tukimwitikia. Nilisema polepole, bila karatasi. Akasema, "Dokta, rudi ukae." Mwaka uliofuata saruji ilianza kumwagwa.

Siku ya kulifungua nilikuwa na hotuba ya kurasa nne. Kabla sijaanza, mume wa Spesi alitoka katika umati, akavuka daraja mpaka ng'ambo, akasimama kidogo kule, akarudi. Akaenda zake nyumbani. Hotuba niliiacha mfukoni, nikakata utepe.

Basi uchaguzi wa pili ulipokuja niliona sina haja ya kujisumbua. Nilichapisha picha yangu nimesimama juu ya daraja. Melkiori naye akasimama tena, mzima wa afya, na safari hii alikaa katika kila mkutano. Nilishindwa. Na sikushindwa kidogo, nilianguka kama gogo, na mahali nilipoanguka vibaya zaidi ni ng'ambo ya mto, kwa watu wale wale waliokuwa wakivuka kwa daraja langu kwenda kunikataa. Nilijifungia nyumbani siku mbili na mapazia yamefungwa. Mke wangu alipitisha chakula na kunishauri nisome Zaburi. Sikuwa na hasira, nilikuwa na aibu, na aibu haili.

Siku ya tatu Mama Godeliva alinitumia ujumbe wa mdomo: kabati la dawa limefunguliwa. Hakuna zaidi. Nikavaa, nikashuka Kanyosha kwa miguu nikipita njia za nyuma nisikutane na mtu.

Foleni ilianzia mlangoni, ikazunguka dispansari, ikashuka mpaka darajani. Wakulima wa ng'ambo walikuwa wengi kuliko wote. Walinisalimia bila kuniangalia usoni. Aliyekuwa wa kwanza, mwanamume mmoja aliyefunga mkono wake kwa kanga ya mke wake, ndiye aliyesema.

"Dokta, usikasirike. Daraja tulipata, asante. Lakini hapa walileta dokta mumoja akakaa mwezi, wa pili akakaa wiki mbili, halafu hakuna. Mama Godeliva amezeeka. Tulikaa kule kilimani, tukaongea. Tukasema bunge iko na batu bengi, sisi tulikuwa na mumoja."

"Mngeniambia," nikasema.

"Tungekuambia, ungekataa. Ungesema muda mufupi."

Na kweli ndivyo ningesema. Mama Godeliva alikuwa ametokea mlangoni. Kweli alikuwa amezeeka, na mimi kwa miaka yote ile sikuwa nimeona.

"Nyakubahwa amekwisha?" akauliza.

"Amekwisha, Mama."

Akasogea kando kunipisha. "Basi nawa mikono."